Nani Alaumiwe kwa Vita vya Troy? Helen, Mashujaa na Miungu katika Masimulizi ya Kigiriki

Mtu anayeanza kusoma visasili vya Kigiriki hukutana mapema na Helen, mke wa Menelaus mfalme wa Sparta, aliyeondoka na Paris mwana wa mfalme wa Troy, na ambaye kwa ajili yake majeshi ya Wagiriki yalivuka bahari na kuuzingira mji huo kwa miaka kumi. Hadi hapo kisa ni chepesi. Ugumu unaanza pale msomaji anapouliza kama Helen alitoroka kwa hiari yake, alitekwa kwa nguvu, alishurutishwa na Aphrodite, mungu wa mapenzi, au hakufika Troy kabisa. Majibu yote manne yamo katika maandishi ya Wagiriki wenyewe, tena ya waandishi wao wakubwa, na wakati mwingine jibu hubadilika kutoka kazi moja hadi nyingine ya mwandishi yuleyule.

Wagiriki hawakuwa na kitabu kitakatifu kilichotangaza kwamba kisa fulani ndicho sahihi na vingine ni potofu. Visa vya miungu na mashujaa vilikuwa mali ya watu wote, vikiimbwa kwenye sherehe, vikichorwa kwenye vyungu na kuchongwa kwenye mahekalu, na mshairi aliyevishika upya alitarajiwa kuongeza, kupunguza na hata kumpinga aliyemtangulia. Uhuru huo ulikuwa na mipaka, kwa maana hakuna aliyeweza kuifanya Troy ishinde wala kumfanya Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki, azeeke nyumbani kwake. Lakini sababu za matukio, yaani nani alitaka nini na nani alimlazimisha nani, ziliachwa mikononi mwa msimulizi, na hapo ndipo kila kizazi kilipoingiza ubishi wake kuhusu vita, ndoa, madaraka na haki ya miungu. Ukifuatilia jinsi lawama ya vita vya Troy inavyohamishwa kutoka kwa miungu kwenda kwa mwanamke, kutoka kwa mwanamke kwenda kwa wafalme, kisha ikarudishwa tena, unamwona kila msimulizi na yule anayetaka kumtetea. Unaona pia jambo ambalo mimi naliona zito zaidi: wengi waliojitahidi kumsafisha Helen walimwondolea hatia kwa kumwondolea utashi, hata akabaki kitu kinachobebwa.

Mlolongo wa sababu ni mrefu kuliko unavyosimuliwa kwa kawaida. Utenzi wa kale uitwao Cypria, ambao umepotea na kubaki katika muhtasari na vipande vichache tu, ulianza na Zeus kuamua kuipunguzia dunia mzigo wa binadamu waliokuwa wamezidi, na vita vikawa njia yake. Kwenye harusi ya Peleus na Thetis, wazazi wa Achilles, mungu wa Ugomvi akazusha mashindano ya uzuri kati ya Hera, Athena na Aphrodite, na watatu hao wakapelekwa mlima Ida ili Paris aamue. Tufaha la dhahabu linalotajwa sana siku hizi ni nyongeza ya wasimulizi wa baadaye. Aphrodite alimwahidi Paris kwamba atampata Helen, na Paris akampa ushindi. Huko Ugiriki, Tyndareus, mume wa Leda mama yake Helen, alikuwa amewaapisha wachumba wote wa binti huyo kwamba watamsaidia yeyote atakayemwoa iwapo mtu mwingine atamchukua. Baba halisi wa Helen, kwa masimulizi yaliyo maarufu zaidi, ni Zeus mwenyewe, aliyemwendea Leda akiwa na umbo la batamaji. Kwa hiyo, kabla Helen hajatia mguu katika merikebu yoyote, tayari kuna mungu mkuu aliyepanga maangamizi, miungu watatu walioshindana, mwanamfalme aliyepokea hongo na wafalme waliofungwa na kiapo. Yeye bado hajaulizwa lolote.

Iliad, utenzi wa Homer, inashuka katikati ya mambo haya, mwaka wa kumi wa vita, na matukio yake hayazidi majuma machache. Katika kitabu cha tatu tunamkuta Helen ndani ya nyumba akifuma vazi kubwa la zambarau, na ndani ya vazi hilo anafuma mapigano ambayo Watroy na Wagiriki wanayapigana kwa ajili yake. Ni mwanamke wa kwanza kumwona akitenda jambo lake mwenyewe katika utenzi huo, na anachokifanya ni kile anachokifanya mshairi: anakihifadhi kisa. Anapopanda ukutani, wazee wa Troy wanamtazama na kunong’onezana kwamba si ajabu watu kuteseka muda wote huo kwa ajili ya mwanamke kama huyu, kisha wanasema kwamba hata hivyo ni heri aondoke na merikebu za Wagiriki, asije akabaki kuwa balaa kwao na kwa watoto wao. Mfalme Priam, ambaye ana haki kuliko wote ya kumchukia, anamwita mwanangu, anamketisha karibu naye na kumwambia kwamba hamlaumu yeye, anawalaumu miungu. Helen hapokei msamaha huo. Anamjibu baba mkwe wake kwa heshima, lakini anasema ingekuwa heri afe siku ile alipomfuata Paris, akamwacha mume, ndugu na binti yake, na anajiita mbwa asiye na haya.

Baada ya hapo Menelaus na Paris wanapambana ana kwa ana ili vita viishe. Menelaus anakaribia kushinda, ndipo Aphrodite anamnyakua Paris na kumweka chumbani kwake, kisha anamwendea Helen katika umbo la kikongwe msokota sufu na kumwamuru aende kwa mumewe. Helen anamtambua na kukataa. Anamwambia kwa ukali kwamba kama anampenda Paris hivyo basi aache uungu wake, aende akakae naye, ateseke kwa ajili yake mpaka amwoe au amfanye mtumwa. Ni vigumu kupata mahali pengine katika tenzi za Homer ambapo binadamu anamjibu mungu kwa maneno kama hayo. Aphrodite anamtishia kwamba upendo wote aliompa utageuka chuki ya kiwango kilekile, na Helen anaogopa, anajifunika shela na kwenda kimya. Tunaona waziwazi jinsi mungu anavyomtumia mwanamke huyu, na tunaona pia kwamba mwanamke mwenyewe anajua anatumiwa, anasema hivyo, na bado anajihesabia kosa.

Msomaji wa leo hutaka hapo achague moja: kama ni Aphrodite aliyemlazimisha, basi Helen hana hatia; kama ana hatia, basi Aphrodite ni jina tu la tamaa yake. Mashujaa wa Homer hawafikiri hivyo. Mfano ulio wazi kabisa ni wa Agamemnon, mkuu wa majeshi yote, ambaye alimnyang’anya Achilles mateka wake Briseis na kusababisha vifo vya Wagiriki wengi. Katika kitabu cha kumi na tisa anasimama mbele ya jeshi na kusema kwamba si yeye mwenye kosa, bali Zeus, Majaaliwa na Erinys, mungu wa kisasi, walioitia akili yake upofu. Ukimsikia ungedhani anakwepa. Lakini katika hotuba ileile anasema kwamba, kwa kuwa alipofushwa, yuko tayari kulipa, na malipo yanaletwa mbele ya watu wote: vyombo vya shaba, dhahabu, farasi kumi na wawili, wanawake saba na Briseis mwenyewe. Achilles hapingi maelezo yale wala hakatai malipo. Mungu alisababisha, na mtu analipa. Sababu moja haifuti nyingine, na hakuna anayeona mgongano. Tukimsoma Helen kwa kanuni hiyohiyo, maneno ya Priam na maneno ya Helen mwenyewe hayapingani. Baba mkwe anazungumzia chanzo, naye anazungumzia deni.

Tofauti inayouma iko kwingine. Agamemnon akisema alipofushwa na mungu, anaaminiwa, analipa kwa mali yake na anabaki mfalme. Helen hana mali ya kulipia wala baraza la kumsikiliza, na deni lake linaendelea kudaiwa na washairi kwa karne nyingi baada yake.

Tena wanawake wale waliopangwa pamoja na vyungu na farasi wanatuonyesha kitu ambacho Iliad inakiweka mbele ya macho yetu bila kukihubiri. Vita vizima vimeanza kwa sababu mwanamume mmoja alimchukua mke wa mwenzake, na ugomvi unaoanzisha utenzi ni wa mwanamume mwingine kumchukua mwanamke wa mwenzake. Achilles analiona hilo, na katika kitabu cha tisa anauliza kwa uchungu kama wana wa Atreus, yaani Agamemnon na Menelaus, peke yao ndio wanaopenda wake zao. Hata hivyo, wakati wa kupatana, Achilles huyohuyo anasema ingekuwa heri mungu Artemis angemuua Briseis kwa mshale siku ile alipomteka. Mwanamke anayependwa jana leo anatakiwa awe amekufa ili urafiki wa wanaume usingeharibika. Briseis anapewa nafasi moja tu ya kusema, anapoulilia mwili wa Patroclus, rafiki mpenzi wa Achilles, na katika mistari michache tunajua kwamba Achilles alimuua mumewe, kwamba ndugu zake watatu waliuawa siku moja, na kwamba Patroclus alikuwa akimtuliza kwa kumwahidi ndoa halali na muuaji huyo. Wanawake waliomzunguka wanalia pamoja naye, na Homer anaongeza kwamba kwa nje walimlilia Patroclus, lakini kila mmoja alikuwa akililia msiba wake mwenyewe. Anayedhani kwamba mateso ya wanawake katika kisa hiki yamegunduliwa na waandishi wa karne hii airudie mistari hiyo.

Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, inamrudisha Helen nyumbani Sparta akiwa malkia mwenye utulivu, na inafanya jambo la hila. Kijana Telemachus amekuja kuulizia habari za baba yake Odysseus, shujaa wa Wagiriki ambaye bado hajarudi kutoka vitani, watu wote wanalia, na Helen anatia ndani ya divai dawa aliyopewa Misri, dawa ambayo anayeinywa hatoi chozi siku hiyo hata akimwona ndugu yake akiuawa mbele yake. Kisha anasimulia jinsi Odysseus alivyoingia Troy amejivika matambara ya ombaomba, jinsi yeye peke yake alivyomtambua na kumficha, na jinsi moyo wake ulivyokuwa tayari umegeuka kutaka kurudi nyumbani. Menelaus anasifu simulizi hiyo kwa adabu, halafu anatoa yake: wakati wao wamejificha ndani ya farasi wa mbao, Helen alizunguka farasi huyo mara tatu akiwaita mashujaa kwa majina na kuigiza sauti za wake zao, mpaka Odysseus akamziba mmoja wao mdomo asijibu. Simulizi mbili za mwanamke mmoja, zinazokanushana, zinasimuliwa na mke na mume mezani pamoja, na mshairi haamui. Kwa maoni yangu hapa ndipo ubishi wote wa baadaye ulipopandwa, kwa sababu msikilizaji anaachiwa kazi ambayo mshairi angeweza kuifanya kwa mstari mmoja.

Washairi waliofuata waliichukua kazi hiyo. Karibu mwaka 600 KK, katika kisiwa cha Lesbos, Sappho aliandika shairi linaloanza kwa kusema kwamba wengine huona jeshi la wapanda farasi kuwa kitu kizuri kuliko vyote juu ya nchi, wengine askari wa miguu, wengine merikebu, lakini yeye anasema ni kile mtu anachokipenda. Ushahidi wake ni Helen, aliyewapita binadamu wote kwa uzuri, ambaye alimwacha mume bora akapanda merikebu kwenda Troy bila kumkumbuka mtoto wala wazazi. Shairi hilo lilitoweka, mpaka vipande vyake vilipopatikana katika mafunjo yaliyofukuliwa Oxyrhynchus nchini Misri na kuchapishwa mwaka 1914. Mafunjo yamechanika mahali pabaya, pale ambapo kitu fulani kinatajwa kuwa kilimpotosha, lakini kilichobaki kinatosha kuonyesha tofauti. Sappho hamlaumu Helen na hamwombei msamaha. Anamfanya mtu anayetazama, anayetamani na anayekwenda, katika shairi ambalo majeshi yamewekwa pembeni, yasiwe kipimo cha mwisho cha uzuri. Sijui mwandishi mwingine wa kale aliyeuacha uamuzi wa Helen ukiwa mzima namna hiyo.

Stesichorus, mshairi wa karne ya 6 KK, alikwenda upande mwingine kabisa. Ilisimuliwa kwamba alimsema Helen vibaya katika shairi akapofuka, kisha akatunga jingine la kukanusha, akaona tena. Mwanafalsafa Plato amehifadhi mistari yake mitatu: kisa hicho si cha kweli, hukupanda merikebu, hukufika kwenye minara ya Troy. Kilichofika Troy kilikuwa kivuli tu. Ili kuelewa kwa nini mtu ajitaabishe hivyo, ni lazima kukumbuka kwamba kwa Wasparta Helen alikuwa mungu. Huko Therapne, juu ya kilima kinachoitazama Sparta, yeye na Menelaus walikuwa na patakatifu pao, na katika miaka ya 1970 wachimbaji wa mambo ya kale walipata hapo chombo cha shaba cha karne ya 7 KK kilichoandikwa kwamba kimetolewa kwa Helen. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kuhusu mtoto wa kike mwenye sura mbaya aliyepelekwa na yaya wake kila siku kwenye patakatifu hapo, akapapaswa kichwa na mwanamke asiyejulikana, na akakua kuwa mwanamke mzuri kuliko wote wa Sparta. Watu waliopeleka watoto wao mbele ya sanamu ya Helen wasingefurahia nyimbo zinazomwita mzinzi. Mwanamke wa utenzi na mungu wa kilima walikuwa na jina moja, na kivuli cha Stesichorus kilikuwa njia ya kuwatenganisha.

Herodotus mwenyewe, akiandika historia katika karne ya 5 KK, hakuhitaji kivuli. Alidai kwamba makuhani wa Misri walimweleza kuwa Paris alipeperushwa na upepo hadi nchini kwao, na mfalme Proteus akamnyang’anya Helen na kumhifadhi mpaka mumewe aje kumchukua. Hoja yake ni ya mtu anayepima mambo: kama Helen angekuwa Troy, wangemrudisha, kwa maana Priam hakuwa mwendawazimu wa kuwatoa wanawe na mji wake waangamie ili Paris alale na mke wa mtu. Watroy walisema kweli kwamba hawanaye, Wagiriki hawakuwaamini, na miungu wakaacha iwe hivyo ili binadamu waone kwamba makosa makubwa huadhibiwa kwa adhabu kubwa. Ni ajabu kwamba mwanahistoria aliyewaondoa miungu kwenye kitanda cha Paris aliwarudisha mwishoni kuwa waamuzi.

Huko Athens, jukwaa la tamthilia liliigeuza hoja hii kuwa kesi ya hadhara. Mwaka 458 KK Aeschylus alionyesha Agamemnon akirudi na ushindi na kuuawa na mkewe Clytemnestra, dada yake Helen. Wazee wa mji, ambao katika wimbo wao wa mwanzo wamekwisha kueleza jinsi mfalme huyo alivyomtoa binti yake Iphigenia kafara huko Aulis ili upepo uruhusu merikebu kuondoka, na jinsi mdomo wa binti ulivyozibwa asije akailaani nyumba ya baba yake, wanapoiona maiti ya mfalme wanamlaani Helen kwamba peke yake ameangamiza roho nyingi. Anayewakatiza ni Clytemnestra. Akiwa na damu mikononi anawaambia wasigeuze hasira yao kwa Helen kana kwamba yeye mmoja ndiye aliyewaua wanaume wote hao. Ni utetezi mfupi, unatolewa na muuaji, na ni wa kweli. Helen hakuwa Aulis. Artemis alidai kafara, nabii akatangaza, lakini aliyejifunga nira na kuamuru binti ainuliwe juu ya madhabahu ni baba, na Aeschylus anatuonyesha akilia na kupima kabla ya kuamua.

Euripides, mtunzi mwingine wa tamthilia, aliirudia kesi hiyo mara mbili, na mara mbili akatoa hukumu tofauti. Katika masika ya mwaka 415 KK, miezi michache baada ya jeshi la Athens kuwaua wanaume wa kisiwa cha Melos na kuwauza wanawake na watoto utumwani, alionyesha wanawake wa Troy wakigawanywa kwa washindi. Katikati ya kilio hicho Helen analetwa mbele ya Menelaus na kujitetea. Mwenye kosa, anasema, ni Hecuba aliyemzaa Paris. Ni wale walioshindwa kumuua mtoto huyo licha ya ndoto mbaya. Ni Aphrodite, ambaye hata Zeus ni mtumwa wake. Ni Menelaus mwenyewe, aliyesafiri kwenda Krete akamwacha mgeni nyumbani na mkewe. Hecuba anazijibu hoja hizo moja baada ya nyingine. Miungu wa kike hawakuwa wapumbavu wa kuuza miji yao kwa ajili ya mashindano ya uzuri, na Aphrodite ni jina ambalo binadamu huzipa tamaa zao. Ulimwona mwanangu amevaa dhahabu, anamwambia, na akili yako ikawa ndiyo Aphrodite. Hoja ya Hecuba ndiyo inayotukaa sisi wa leo akilini, na Menelaus anakubaliana nayo na kuahidi kwamba mkewe atauawa wakifika nyumbani. Watazamaji wote walijua Odyssey. Walijua kwamba hatauawa, kwamba ataishi Sparta akiwagawia wageni divai yenye dawa. Hecuba ameshinda kesi, na haki haijapatikana, na wanaobaki kulipa ni wanawake wasio na hatia ambao merikebu zinawangoja.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 412 KK, baada ya msafara mkubwa wa Athens kuangamia huko Sisilia, Euripides alileta Helen mwingine. Huyu ni mke mwaminifu aliyekaa Misri miaka yote kumi na saba, na kilichokwenda Troy ni umbo la hewa lililofinyangwa na Hera. Menelaus anafika akiwa amevunjikiwa na merikebu, amejifunga vipande vya tanga, na mtumishi wake mzee anapoelezwa ukweli anauliza kama kumbe waliteseka bure kwa ajili ya wingu. Swali hilo, mbele ya watu waliokuwa wamewapoteza maelfu ya vijana wao mwaka mmoja tu uliopita, halikuwa la kuchekesha hata kidogo, ijapokuwa tamthilia yenyewe inamalizika kwa furaha. Lawama sasa haina pa kumwangukia mwanamke, na vita vinabaki uchi, bila sababu. Ila gharama yake ni kwamba Helen huyu mwema amepewa usafi wake kwa kuondolewa kwenye kisa chake.

Gorgias wa Leontini, mwalimu wa ufasaha aliyefika Athens mwaka 427 KK kama mjumbe wa mji wake, aliliona tatizo hilo kwa pembe nyingine. Katika hotuba yake ya kumtetea Helen anataja sababu nne zinazowezekana: miungu walitaka iwe hivyo, alitekwa kwa nguvu, alishawishiwa kwa maneno, au alishikwa na mapenzi. Katika kila moja, anasema, Helen hana hatia, kwa sababu aliyezidiwa nguvu hahukumiwi. Sehemu nzito ni ya tatu, ambapo anasema kwamba neno ni mtawala mwenye nguvu, ambaye kwa mwili mdogo usioonekana hufanya kazi za kimungu, na kwamba maneno huifanyia roho kile ambacho dawa huufanyia mwili. Hoja inavutia mpaka msomaji aulize nani basi angeweza kuhukumiwa kwa lolote. Kwa kanuni hiyo Paris naye hana hatia, wala Agamemnon, na mshtakiwa yeyote katika mahakama za Athens angeweza kuinuka na kusema alizidiwa. Gorgias anamaliza kwa kusema ameiandika kwa burudani yake, lakini nadhani ameacha wazi udhaifu wa kila utetezi unaomgeuza mtu kuwa jani linalopeperushwa.

Masimulizi ya zama zetu yamerithi mizigo yote hii, na mara nyingi yanaanza kwa kuwaondoa miungu. Filamu ya Troy ya mwaka 2004 ilifanya hivyo: hakuna mungu anayeshuka kumnyakua mtu uwanjani. Uamuzi huo unaonekana mdogo, kumbe unabadilisha kila kitu, kwa sababu uzito uliokuwa ukibebwa na Zeus na Aphrodite lazima uwekwe mahali. Filamu ile iliuweka kwenye uroho wa Agamemnon wa kutawala bahari, na Helen akawa kijana mwenye huzuni aliyependa, kisingizio cha vita ambavyo vingetokea hata hivyo. Bila kukusudia imemrudia Euripides wa mwaka 412, kwa maana mwanamke ambaye kuwepo kwake hakubadilishi lolote hana tofauti kubwa na wingu. Derek Walcott wa Saint Lucia, katika utenzi wake Omeros wa mwaka 1990, aliona mtego huo. Helen wake ni mwanamke mweusi aliyekuwa mtumishi wa nyumbani kisiwani, anayegombewa na wavuvi wawili, Achille na Hector, na kisiwa chenyewe kiligombewa na Waingereza na Wafaransa mara nyingi hata kikaitwa Helen. Msimulizi anajenga ulinganifu huo kwa mamia ya kurasa, halafu anajiuliza kwa nini asimwone mwanamke huyu bila kivuli cha Homer juu yake. Hatoi jibu rahisi, naye Helen hana haja ya jibu hilo. Ana mimba, anahitaji kazi, na ndiye anayeamua atakaa na nani.

Waandishi wengine wameugeukia upande wa wanawake waliokuwa pembeni. Pat Barker, mwaka 2018, alimpa Briseis sehemu kubwa ya riwaya aisimulie mwenyewe, akaifuata mistari ile michache ya kitabu cha kumi na tisa mpaka ndani ya kambi, kwenye mahema ya wagonjwa na vitanda vya washindi. Margaret Atwood, mwaka 2005, alimweka Penelope, mke wa Odysseus na binamu yake Helen, kuzimu akisimulia maisha yake, pamoja na wajakazi kumi na wawili ambao katika Odyssey wanauawa kwa amri ya mwanamume aliyerudi nyumbani. Riwaya hiyo inawadai haki wajakazi hao kwa nguvu ambayo hakuna shujaa wala mungu anayeweza kuikwepa. Lakini Helen anapotokea ndani yake, ni yuleyule mrembo mwenye majivuno anayefurahia wanaume waliokufa kwa ajili yake, na Penelope anamlaumu kwa kuyaharibu maisha yake. Wajakazi wamepata mtetezi baada ya karne nyingi, na lawama ya vita imerudishwa kwa Helen, safari hii kwa mdomo wa mwanamke wa ukoo wake.